Tiketi Iliyoingia Mara Mbili

Romwaldi Komba alikuwa mlangoni tangu saa saba mchana, na kwa muda mrefu hakuna jambo lililomtoa jasho. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisimulia. Mtu anakuja na simu yake, anafungua tiketi, Romwaldi anaelekeza simu ya kazi kwenye ule mraba wa vidoadoa vyeusi, simu inalia mlio mfupi, kioo kinageuka kijani, mtu anapita. Kikigeuka chekundu, mtu hapiti.

Siku hiyo ya Jumapili kwaya moja ya hapo Songea ilikuwa inazindua nyimbo zake mpya, katika ukumbi wenye viti mia nne, na kila kiti kilikuwa na namba na mwenyewe. Tiketi ziliuzwa kwa simu tu, zikaisha kwa siku mbili. Asubuhi Aidani, msimamizi aliyetumwa na kampuni iliyoziuza, aliwakusanya watu wa milangoni akawapa somo. Tiketi inaweza kuhamishwa kutoka simu moja kwenda nyingine, alisema. Ikihamishwa, ile ya kwanza inakufa, inazaliwa mpya kwa jina la aliyepokea. Lakini wapo watu wanaopiga picha ya kioo na kurushiana, na mashine haiwezi kujua picha ni ya nani. Atakayetangulia ndiye atakayeingia. Kwa hiyo kabla ya kuskani, soma jina lililoandikwa juu ya mraba, kisha muulize mtu anaitwa nani.

"Atakayepitisha mtu bila kusoma jina," Aidani alimalizia, "asiniletee maelezo. Anivulie kizibao aende nyumbani."

Romwaldi alikuwa na kila sababu ya kukishikilia kizibao kile cha rangi ya chungwa. Tangu avunjike mguu kwa ajali ya pikipiki mwaka uliopita, hakuweza tena kuendesha bodaboda, na kampuni ilikuwa imemwambia kwamba akifanya vizuri siku hiyo watamchukua kwenye msafara wao wa Njombe na Mbeya. Alisoma majina. Aliuliza. Wapo waliochukia, wakamwambia anajifanya polisi, naye akaendelea kuuliza.

Ilipobaki robo saa kufika saa tisa, foleni ikiwa imenona, alifika mama mmoja wa makamo, mnyoofu, amevaa kitenge kipya na kilemba cha kitambaa hichohicho. Simu aliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto.

"Shikamoo mama," Romwaldi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ni hapa ninapoonyesha?"

Juu ya mraba paliandikwa Walburga Ngonyani, kiti D14. Alimuuliza jina, akalitaja lilelile. Romwaldi akaskani. Mlio ukaja mrefu, mzito, na kioo kikageuka chekundu.

Alirudia. Ikawa nyekundu tena, na safari hii akasoma maneno yaliyo chini yake: tiketi hii imeshatumika, saa 14:12, mlango wa kwanza.

Mlango wa kwanza ulikuwa wake.

Alimuuliza yule mama taratibu kama amewahi kuingia akatoka. Mama Walburga akasema hapana, ndiyo kwanza anafika, ametembea kwa miguu kutoka Mjimwema. Tena si mwenyeji. Kwao Hanga, amekuja jana kwa ajili ya shughuli hii tu. Binti yake Kunegunda ndiye aliyemnunulia tiketi na kumhamishia kwenye simu, kwa sababu Kunegunda ndiye atakayeongoza wimbo wa tatu, na yeye mama hajawahi kumsikia akiongoza.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake alianza kuguna. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wananunua picha za wizi mitaani halafu wanakuja kuchelewesha wenzao. Mama Walburga hakugeuka. Alimtazama Romwaldi usoni.

"Mwanangu, mimi sijaiba kitu."

"Najua, mama. Ngoja kidogo tuangalie."

Lakini hakuwa anajua, bado. Alimsogeza kando, akamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyeishika simu ile. Mama akafikiri. Akasema tiketi ilipotumwa jana ilikuja kwa ujumbe, na ujumbe ulitaka abonyeze mahali ili aipokee kabla ya jioni, la sivyo ingerudi ilikotoka. Kunegunda alikuwa mazoezini, simu zao zimekusanywa. Basi akaenda kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, wanapochaji na kutengeneza simu, akamkuta mwanamke mmoja mkarimu sana. Yule mwanamke alimfungulia, akampokelea, akamfundisha namna ya kuitafuta tena. Hakutaka hata shukrani.

"Ana kovu hapa," mama alisema, akijigusa juu ya nyusi. "Amenisaidia kama mtoto wangu wa kumzaa."

Kovu lile Romwaldi alilijua kuliko alivyojua viganja vyake. Na ghafla ile saa nane na dakika kumi na mbili ikarudi mbele ya macho yake, nzima, na kila kilichokuwa ndani yake.

Anjelika alikuwa dada yake, amemzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki kule Lusewa, ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa kibanda chake cha simu. Na Anjelika ndiye aliyeutunga wimbo wa tatu. Aliutunga mwaka aliofiwa na mumewe, alipokuwa bado anaimba na kwaya ile. Kisha akagombana na mwalimu wa kwaya juu ya safari moja ya Mbinga, akaondoka kwa hasira, na hakuna aliyemfuata kumrudisha. Tiketi zilipoanza kuuzwa alisema hazitaki hata akipewa bure. Jumamosi asubuhi akabadilika; zilikuwa zimeisha. Akamwomba Romwaldi amwingize mlangoni, naye akakataa, na walikula chakula cha mchana bila kuongea.

Kwa hiyo Jumapili alipomwona dada yake anakuja na simu mkononi, amependeza, tiketi iko wazi kwenye kioo, alifurahi kuliko alivyopaswa kufurahi. Alidhani mtu amemhamishia ya kwake. Hakumuuliza jina, nani anamuuliza dada yake jina? Aliskani tu, ikawa kijani, akamwambia karibu. Sasa, akiwa amesimama mbele ya Mama Walburga, alikumbuka kitu ambacho jicho liliona na akili ikakipuuza: kidole gumba cha Anjelika kilikuwa kimelalia sehemu ya juu ya kioo, palepale jina lilipo.

"Kuna nini hapa?" Aidani alikuwa ameshafika.

"Mtandao unasumbua kidogo," Romwaldi alijibu, na maneno yakamtoka laini kiasi kwamba yalimtisha.

Aidani aliangalia saa. Alisema watu wasisimamishwe kwa ajili ya mmoja, milango inafungwa saa tisa na robo, na ambaye tatizo lake halijaisha wakati huo atarudi nyumbani. Akaondoka kuelekea mlango wa pili. Romwaldi akamwita Jane, mwenzake wa mlangoni, akamwomba aishike foleni yake dakika chache. Akamwambia Mama Walburga asubiri palepale, asiondoke. Akaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa na joto lake. Waimbaji walishajipanga mbele, wanawake kwa nguo za buluu, na mpiga kinanda alikuwa anagusagusa vitufe. Romwaldi alishuka kwenye ngazi akivuta mguu wake mbaya, akihesabu safu. A. B. C. Katika safu ya D, kiti cha kumi na nne kutoka ukutani, alimwona dada yake ameketi wima, mikono mapajani, kama mtu aliye hospitali anayesubiri kuitwa jina.

Aliinama kwenye sikio lake. Alimwambia mwenye tiketi amefika.

Anjelika hakushtuka. Alisema alidhani yule mama, kwa vile ni mzazi wa mwimbaji, angeingizwa tu kwa mlango wa nyuma pamoja na waimbaji, na hakuna ambaye angeumia. Romwaldi akamwambia mlango wa nyuma nao una mtu na mashine. Mama yuko nje, watu wanamwita mwizi.

Hapo ndipo uso wake ulipotikisika, mara moja tu. Kisha akaukaza.

"Wimbo wa tatu," alinong'ona. "Dakika ishirini, Romwa. Nikishausikia natoka mwenyewe."

"Milango inafungwa saa tisa na robo. Akibaki nje, atabaki nje."

"Wataimba maneno yangu na hakuna atakayesema ni ya nani. Nilitaka mtu mmoja humu ndani awe anajua. Hata kama ni mimi peke yangu."

Watu wa safu ya nyuma walianza kunyoosha shingo. Mshereheshaji alipanda jukwaani, akagonga kipaza sauti kwa kidole. Romwaldi alitazama saa ya ukutani: saa tisa na dakika tano.

"Inuka, dada."

"Nilikubeba mgongoni kutoka Lusewa mpaka zahanati, una homa ya kufa," Anjelika alisema, bado kwa mnong'ono, macho yako jukwaani. "Sikumwomba mtu anipokee."

Hakuna neno ambalo lingemuuma zaidi, na alijua ni la kweli. Angeweza kuondoka. Angeweza kwenda kumwambia Mama Walburga kwamba mashine imekataa na yeye hana mamlaka, na mama angekubali, kwa sababu watu wa aina yake wamezoea kuambiwa hivyo na kurudi. Jambo lingeishia hapo. Kazi ingebaki, dada angebaki.

"Ulinibeba," alisema. "Na leo naomba uinuke."

Anjelika alifunga macho kidogo. Kisha akachukua mkoba wake, akapita kwenye magoti ya watu akiomba radhi kila hatua, akapanda ngazi mbele ya mdogo wake bila kugeuka nyuma. Mshereheshaji alikuwa ameanza kuwakaribisha wageni.

Mlangoni, Mama Walburga alikuwa amesimama palepale alipoachwa. Alipomwona Anjelika anatoka, uso wake ukachanua kwanza, kama mtu aliyekutana na mwenyeji wake ugenini. Akamnyooshea mkono kumsalimia. Halafu akaona Romwaldi yuko nyuma yake, akaona namna yule mwanamke alivyoinamisha kichwa, na mkono ukabaki hewani. Alielewa polepole, na watu wote waliokuwa karibu walimwona anavyoelewa.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Anjelika aliukaza mkoba wake kwapani.

"Ungeniambia tu kwamba unahitaji kuingia. Tungeketi tukatafuta njia. Jana nilikusimulia habari za mwanangu, ukacheka na mimi."

Hata yule mwanamume wa foleni, aliyekuwa amebaki mlangoni kutazama mwisho wake, alikuwa ameingiwa na haya, anatazama viatu vyake. Anjelika akampita yule mama kwa kujibana ukutani, akashuka vipandio, akaelekea barabarani. Romwaldi alimwona akiita bodaboda na kupanda.

Alimgeukia Mama Walburga ampitishe. Kiti kilikuwa wazi, hesabu ilikuwa sawa, mtu mmoja ametoka na mtu mmoja anaingia. Lakini Aidani alikuwa amesharudi, na ameona mwanamke akitolewa. Alitaka kujua. Alichukua simu ya kazi, akasoma kumbukumbu yake, kisha akamtazama mama kwa jicho la upande. Akasema mchezo huu anaujua: mtu anampa mwenzake picha, mmoja anatangulia, mwingine anakuja kulia mlangoni, na wawili wanaingia kwa tiketi moja. Akamtaka mama atoe simu, namba yake ifungiwe asinunue wala kupokea tiketi tena, na hata leo asiingie.

Mama Walburga aliikumbatia simu kifuani. Kutoka ndani wimbo wa kwanza ulikuwa umekwisha, watu wanapiga makofi.

"Mama hana kosa," Romwaldi alisema. "Kosa ni langu."

Aidani akamgeukia.

"Aliyeingia kwanza ni dada yangu. Alichukua picha ya tiketi ya mama bila mama kujua, na mimi nilimpitisha bila kusoma jina. Na nilipokwambia ni mtandao, nilikudanganya."

Aliyasema haraka, yote kwa pumzi moja, kwa kuwa alijua akisimama katikati hataweza kuendelea. Jane aliacha kuskani. Aidani akamrudishia Mama Walburga kiti chake kwa kumwonyesha tu mlango kwa kiganja, akamwagiza Jane ampeleke mpaka D14. Mama alipompita Romwaldi alimgusa bega, mguso mwepesi, kisha akaharakisha ndani, kilemba kimelegea upande mmoja. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na nne.

Aidani alinyoosha mkono. Hakukaripia. Romwaldi akavua kizibao, akakikunja vizuri, akampa pamoja na simu ya kazi. Milango ikafungwa.

Alizunguka ukumbi akaketi kwenye msingi wa ukuta, chini ya madirisha, kwa sababu mguu ulikuwa unamuuma na hakuwa na pa kwenda kwa haraka. Wimbo wa pili ulipita bila yeye kuusikia sawasawa. Alikuwa anafikiria atamwambia nini dada yake, na kwa nini hakumpa muda hata wa kujieleza, na mara anajiambia alimpa muda wa kutosha. Kisha sauti ya mshereheshaji ikaja wazi kupitia dirishani. Alisema wimbo unaofuata una historia. Alisema uliandikwa na mwanakwaya wao wa zamani wakati wa msiba wake, na kwamba kwaya haikumtendea vizuri alipoondoka, na leo wanataka kulisema hilo mbele ya watu.

"Anaitwa Anjelika Komba. Tulipeleka ujumbe kwenye namba yake ya zamani, hatukupata jibu. Kama yumo humu, tunaomba asimame tumwone."

Romwaldi alisikia viti vikilia, watu wakigeuka huku na huku kumtafuta mtu ambaye robo saa iliyopita alikuwa katikati yao. Alijua ndani D14 ameketi mama mwingine. Aliinuka, akasahau mguu, akatoa simu yake mfukoni, akampigia dada yake.

Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ndani mshereheshaji alisema basi, tutamwimbia hata kama hayupo, na kinanda kikaanza. Akapiga mara ya tatu. Ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema haloo. Alisikia upepo tu na ngurumo ya pikipiki.

"Dada, wamekutaja jina," alisema. "Wamekuita usimame. Sikiliza."

Alinyoosha mkono wenye simu juu kadiri alivyoweza, mpaka kwenye vioo vya dirisha. Sauti ya Kunegunda ilipanda peke yake, nyembamba na safi, kisha wengine wakaipokea. Romwaldi alisimama kwa mguu mmoja ameegemea ukuta, mkono unamchoma begani, akitazama sekunde zinavyosonga juu ya kioo. Hakujua kama kuna mtu anayesikiliza upande wa pili au simu imetupwa tu ndani ya mkoba. Hakuushusha mkono mpaka makofi yalipokwisha. Aliporudisha simu sikioni, ilikuwa imeshakatwa.

Alifika nyumbani jua linazama. Anjelika alikuwa jikoni anachambua mboga, bado amevaa nguo ya shughuli. Hakuinua kichwa. Romwaldi akaketi kwenye kigoda mlangoni, akamweleza kwamba wamemvua kizibao. Dada akaitikia kwa kichwa. Walikaa hivyo, majani ya maboga yakianguka moja moja kwenye sinia.

"Ubeti wa mwisho wameukosea," Anjelika alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mimi niliuandika ushuke, kama mtu anayeweka mzigo chini. Wao wameupandisha."

"Kawaambie."

"Nitawaambia."

Aliifunika sinia, akajifuta mikono kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza akamtazama mdogo wake.

"Yule mama amefikia kwa bintiye, hapo Mjimwema?"

"Ndiyo. Kesho anarudi Hanga. Sijui kwa basi la saa ngapi."

"Basi tuondoke asubuhi, mapema," Anjelika alisema. "Twende wote wawili. Nikienda peke yangu, nitafika mlangoni nigeuze."